Mama Fomu wa Lomunyen

Jina lake ni Velma Ekeno, lakini pale Lomunyen watoto wengi walikua bila kulijua. Walimwita Mama Fomu.

Alizaliwa Ngare Mara, katika familia ya Waturkana waliofika Isiolo enzi za babu yake wakifuata kazi, wakabaki. Alisoma shule ya misheni mpaka kidato cha nne. Alipoolewa na Lodio akahamia Lomunyen, nyumba sabini hivi kando ya barabara ya vumbi inayokwenda Gotu na kuendelea hadi Merti, akajikuta ndiye mwanamke pekee pale aliyeweza kusoma barua ya Kiingereza toka juu hadi chini bila kuomba msaada. Kwa hiyo magari ya chuo kikuu yalipoanza kuja, yalisimama mlangoni kwake.

La kwanza lilikuja mwaka wa ukame mkubwa, 2011. Vijana wanne walishuka wakiwa na fomu na kofia mpya, wakataka kujua kila nyumba inakula mara ngapi kwa siku. Hawakujua Kiturkana. Velma aliwatangulia, akawa mdomo wao kwa siku tisa. Mwaka uliofuata wakaja wengine kuuliza habari za wizi wa mifugo. Kisha wakaja waliotaka damu ya ngamia, wakafuata waliotaka kujua ni nani huamua binti aolewe, na baadaye mzungu mmoja mzee aliyehesabu wanawake wanaochoma makaa. Velma aliwapeleka wote. Watu wengine walichoka kuulizwa, wakafunga milango wakiona gari, na yeye ndiye aliyewabembeleza wafungue.

"Semeni ukweli," aliwaambia. "Hawa watu wanaandika, na kitu kikiandikwa kinafika mahali."

Aliyaamini maneno hayo. Hakuwa na sababu ya kutoyaamini, maana yeye mwenyewe kusoma ndiko kulikomtoa katika kundi la wasichana wenzake walioozwa wakiwa na miaka kumi na nne.

Kijiji chote kilitegemea kisima kimoja cha mashine. Kilichimbwa mwaka 2007 na shirika la kutoka nje, lililopaka tangi rangi ya buluu, likapiga picha, likaondoka. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakitembea nusu siku kufukua mchanga wa mto Ewaso Nyiro wapate maji, na mama mkwe wake Velma aliwahi kunyang'anywa mtungi na tembo akiwa mjamzito. Kwa hiyo kisima kilipofunguliwa watu walilia kwa furaha. Maji yalitoka meupe, hayakuwa na harufu, yalikuwa na ladha ya magadi kidogo tu. Maharagwe yaliiva upesi. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Akolong, mtoto wa kwanza wa Velma, alizaliwa mwaka uliofuata. Meno yake ya pili yalipoota yalikuja na madoa ya kahawia, kama mtu aliyekula udongo. Watoto wote wa rika lake walikuwa hivyo, ikazoeleka, wakawa wanacheka wamefunga midomo. Halafu miguu ikaanza. Akiwa na miaka saba magoti ya Akolong yalianza kugongana akitembea. Akiwa na miaka minane hakuweza tena kukimbia. Kwa jirani yao Jennifer watoto wawili walikuwa hivyo hivyo, na mkubwa alikuwa akiamka asubuhi mgongo umekaza mpaka akandwe kwa mafuta ndipo asimame.

Lodio alikuwa mtu wa kuhama na mbuzi, leo yuko upande wa Kinna, mwezi ujao yuko karibu na Merti, na yeye mifupa yake haikuwa na shida yoyote. Aliamini ni laana ya kaka yake ambaye waligombana juu ya mahari ya dada yao. Alichinja mbuzi, wakapatana, miguu ya mtoto ikaendelea kupinda. Velma alimpeleka Akolong kwenye zahanati moja mjini. Waliambiwa mtoto hapati maziwa ya kutosha, wakapewa vidonge. Mwaka huo ng'ombe wao wa mwisho alikuwa amekufa.

Mwezi wa sita mwaka 2017 akaja Kaberia.

Alikuwa kijana Mmeru, mrefu, wa sauti ya chini, anayesomea shahada ya pili. Watafiti wengine walikuja na dereva na katoni za maji ya chupa. Kaberia alishuka kutoka juu ya lori la Merti akiwa na begi mgongoni na sanduku la chupa tupu. Velma alimpenda kwa hilo. Kwa wiki tatu alimpa pa kulala, akamtembeza nyumba kwa nyumba, yeye akiwa na mimba ya miezi minne, na Kaberia hakukubali hata siku moja amsaidie kubeba sanduku. Alijaza chupa pale kisimani asubuhi na jioni, akaziandika tarehe. Alipima urefu wa watoto, akawaangalia meno kwa tochi. Walipomkaribisha chai alikunywa, chai ya maji yale yale.

Alimwomba Velma ruhusa ya kumpiga Akolong picha. "Uso hautaonekana, mama. Mdomo tu na kidevu."

Akolong, miaka tisa, alifungua mdomo kwa aibu, akapigwa picha.

"Na majibu yatatoka lini?" Velma alimuuliza siku aliyokuwa akiondoka.

"Miezi sita hivi. Nikimaliza nitarudi mwenyewe niwaeleze."

Velma alimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza Kaberia alisema bado yuko maabara. Mara ya pili alisema anaandika. Baada ya hapo namba haikupatikana tena. Mwisho wa mwaka Velma akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Elijah, akamlea kwa uji wa maji ya kisima kama alivyomlea dada yake.

Miaka ikapita. Ukame mwingine ukaja, mrefu kuliko ule wa 2011, ukamaliza mbuzi wa Lodio mpaka wakabaki kumi na wawili. Akolong alimaliza darasa la nane akibebwa na bodaboda, kisha akabaki nyumbani, kwa sababu sekondari ilikuwa mbali na bweni lilikuwa na ngazi. Alijifunza kushona shanga akiwa ameketi. Alikuwa msichana mkimya, mwenye mikono mizuri, na wanawake waliokuja kumchumbia binti wa nyumba ya pili hawakumtazama mara mbili.

Mwezi wa tatu mwaka 2023, mvua ikiwa bado haijanyesha, likaja gari dogo jeupe. Alishuka msichana mwenye hijabu ya kijani, akasalimia kwa Kiswahili cha mjini.

"Habari ya asubuhi, mama. Naitwa Ikra. Mimi ni mtoto wa hapa Isiolo, baba yangu anauza ngamia pale soko ya mifugo. Niko chuo kikuu, nasomea mambo ya maji."

Velma alimkaribisha ndani. Ikra aliketi kwenye kigoda, akatoa kompyuta yake, akaiweka magotini. Alisema anataka kujua jinsi familia zinavyogawana maji wakati wa ukame.

"Nimesoma kazi zote zilifanywa hapa kwenu," alisema. "Kuna moja ndio ilinifanya nikuje. Kwa hivyo siku hizi maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Pale kisimani."

"Ya kufua?"

"Ya kufua, ya kupika, ya kunywa. Yote ni pale. Mto umekauka, umeona mwenyewe."

Ikra aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. "Hata baada ya yale majibu?"

"Majibu gani?" Velma aliuliza.

Msichana alimtazama kwa muda. Velma baadaye alisema kwamba aliona uso wa yule mtoto ukibadilika polepole, kama mtu anayegundua kwamba amekanyaga kaburi.

"Mama, hamkuambiwa?"

Aligeuza kompyuta. Ilikuwa kazi ya Kaberia, kurasa mia moja na kumi na nne za Kiingereza, tarehe ya 2018. Velma alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaanza kusoma. Alisoma polepole, kidole kikiwa juu ya kioo. Maji ya kisima cha Lomunyen yalikuwa na madini ya floridi mara sita ya kiwango kinachokubalika. Madini hayo hayaonekani wala hayanusiki, na kuyachemsha hakuyaondoi. Huharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya fizi, na yakinywewa miaka mingi huingia kwenye mifupa, yakaikaza na kuipinda. Mfupa ukishapinda haurudi. Mwandishi alipendekeza kwamba maji hayo yasitumike kwa kunywa, hasa kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Katika ukurasa wa sitini na moja kulikuwa na picha. Mdomo wazi, meno ya kahawia, kidevu. Kwenye kidevu kulikuwa na kovu dogo lililopinda, la siku Akolong alipoangukia jiko la mawe akiwa na miaka mitatu. Chini yake pameandikwa: mtoto wa kike, miaka 9.

Akolong alikuwa nje akishona. Elijah, aliyekuwa na miaka mitano, aliingia akachota maji kwenye mtungi kwa kikombe, akanywa, akatoka. Velma alihesabu kwa vidole chini ya kanga yake. Kitabu kilikuwa kimekamilika Elijah akiwa ananyonya.

*

Velma hakutaka kupeleka habari ile kijijini kwa mdomo. Alitaka kitabu chenyewe, kilichochapishwa, chenye muhuri, kwa sababu alijua wataulizana kama ni kweli. Wiki iliyofuata alisafiri na Ikra mpaka chuoni, safari ya siku nzima. Hakuwa amewahi kuingia chuo kikuu. Alikuwa ameleta watu wao nyumbani kwake miaka kumi na miwili, na hapo getini walimwomba kitambulisho na kumuuliza anamtafuta nani.

Mhadhiri aliyemsimamia Kaberia alikuwa mtu wa makamo, mezani kwake karatasi za mitihani zimerundikwa mpaka dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akampa kiti, akaagiza chai. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, pole sana," alisema. "Nakumbuka hiyo kazi. Ilikuwa nzuri, ilipata alama za juu. Mapendekezo yako pale, sura ya tano."

"Nimeyasoma. Yalipendekezwa kwa nani?"

Mhadhiri alivua miwani. "Kwa wanaohusika."

"Ni nani?"

"Ofisi za maji, za afya. Kawaida wao ndio wanatakiwa kusoma."

"Kuna mtu aliwapelekea?"

Alipanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Mwanafunzi akishatetea kazi yake, nakala inaenda maktaba. Baada ya hapo, mama, nikuambie ukweli, hakuna mahali pameandikwa ni jukumu la nani. Si lake, si langu. Mimi niko na wanafunzi arobaini na watatu."

Aliandika barua ili Velma apewe nakala. Ikra akampeleka maktaba. Vitabu vya utafiti vilikuwa orofa ya juu kabisa, ambako taa zinawaka mtu akipita na kuzima akiondoka. Vilipangwa safu kwa safu, vyote na majalada meusi na maandishi ya dhahabu. Velma alitembea taratibu akisoma migongo yake. Alitafuta neno Isiolo. Alikuta vitabu kumi na saba, na kumi na kimoja kati ya hivyo alivitambua: huyu wa chakula, huyu wa wizi wa mifugo, huyu wa ngamia, huyu wa mabinti. Alitoa kimoja na kukifungua mwanzoni, mahali pa shukrani. Walimshukuru Bi. Wilma, hivyo ndivyo walivyoliandika jina lake, mkazi wa Lomunyen, kwa ukarimu wake. Karatasi zilikuwa nyororo, hazijawahi kukunjwa.

Aliketi chini sakafuni, miguu imenyooka kama mtu aliye msibani. Taa zikazima. Ikra alilazimika kupunga mkono hewani ziwake tena.

Ikra alikuwa ameipata namba mpya ya Kaberia. Huyo sasa alikuwa akifundisha katika chuo kimoja kidogo, ana mke na mtoto. Velma alimpigia wakiwa stendi, wakisubiri gari la kurudi.

"Ni mimi mama Akolong, wa Lomunyen."

Upande wa pili alisikia kiti kikiburutwa, mlango ukifungwa.

"Mama," Kaberia alisema.

"Nimesoma kitabu yako."

"Nilitaka kurudi, mama. Mungu ni shahidi. Nilikuwa nimepanga." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Halafu nikafikiria, nikiwaambia msikunywe hiyo maji, mtaniuliza mnywe gani. Sikuwa na jibu. Nikasema ngoja nipate jibu kwanza. Mwaka ukapita. Ukishapita mwaka mmoja unaona aibu, ukipita wa pili unaona heri usirudi kabisa."

"Ungetuambia tu," Velma alisema. "Tungejua. Nilikuwa na mtoto tumboni, uliona. Hata yeye mmoja ningemtafutia maji."

Kaberia alianza kulia. Velma alimsikiliza kwa muda, kisha akakata simu, kwa sababu gari lilikuwa limefika na hakuwa na nguvu ya kumnyamazisha.

*

Mkutano ulifanyika katika darasa la chekechea, watu wakikalia viti vya watoto. Lokuruka, mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mwenye sikio moja lililoraruliwa na risasi, alimpa Velma nafasi. Alisoma ukurasa mmoja mmoja, Kiingereza kwanza ili waone kwamba kimeandikwa, halafu Kiturkana. Alipofika kwenye mifupa, akina mama waliacha kunong'ona. Alipomaliza, Lokuruka aliuliza swali moja tu.

"Hii kitu ilijulikana mwaka gani?"

"Elfu mbili kumi na nane."

"Na sasa ni gani?"

Velma alikifunga kitabu. Wote walijua ni mwaka gani.

Jennifer alisimama. Alikuwa rafiki yake wa miaka mingi; walizalishwa na mkunga mmoja, walichangia chumvi na kiberiti. "Huyo kijana alilala kwako," alisema. "Mimi sikutaka kumfungulia mlango. Wewe ulikuja ukaniambia, Jennifer, mwonyeshe watoto, anaandika, itafika mahali. Nikawavua nguo wapimwe. Imefika wapi, mama Akolong?"

"Imefika kwa maktaba," Velma alisema. Hakusema kwa kejeli. Ndilo jibu alilokuwa nalo.

Jennifer alitoka. Wanawake wengine walimfuata, mmoja baada ya mwingine.

Kamati ilifunga kisima kwa mnyororo siku hiyo hiyo. Kwa siku kumi na moja watu walitembea mpaka mtoni kufukua mchanga kama enzi za kina mama mkwe, mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi na mtungi mgongoni. Siku ya sita mwanamke mmoja alianguka njiani kwa jua, akafa kabla ya kufikishwa barabarani. Siku ya tisa watoto wachanga walianza kuhara kwa maji ya matope. Siku ya kumi na mbili mnyororo ulikutwa umekatwa, na hakuna aliyeuliza aliyeukata. Foleni ilirudi kisimani. Watu walichota wakiwa hawatazamani usoni. Velma alichota pia.

Barua zilipelekwa kwa chifu na katika ofisi za mjini. Zilipokelewa, zikagongwa muhuri.

Ikra hakupotea. Alipiga simu kila wiki, akajibishana na walimu wake, akabadilisha utafiti wake wote, akachelewa mwaka mzima kumaliza masomo kwa sababu hiyo. Mwezi wa nane mwaka 2024 alirudi na gari la idara, wahadhiri wawili, na vichujio arobaini: ndoo mbili mbili zilizopandana, ya juu ikiwa imejazwa chembe nyeusi kama makaa yaliyosagwa. Maji yakipita mle, floridi inabaki. Chuo kilikuwa kimevijaribu, vinafanya kazi. Walitaka nyumba thelathini zikubali kuvitumia mwaka mmoja, watoto wapimwe kila mwezi, na majibu yasomwe pale pale kijijini kabla ya kupelekwa popote. Ikra alikuwa ameliandika sharti hilo kwa mkono wake mwenyewe, na chuo kikalisaini.

Walirudi katika darasa lile lile. Mhadhiri mmoja alieleza, Velma akatafsiri. Lokuruka aliomba aonyeshwe zile chembe nyeusi, akazichukua kiganjani, akazinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni mifupa," Ikra alisema. "Mifupa ya ng'ombe imechomwa, mzee. Ni kama mkaa."

Minong'ono ilipita darasani. Ng'ombe wa nani? Waliokufa na ukame? Mtu nyuma alisema ni punda. Mwingine alisema amesikia kuna mahali wanafukua makaburi.

Lokuruka alirudisha chembe ndani ya ndoo, akajipangusa mkono kwenye shuka. "Mara ya kwanza mlichukua maji yetu kwa chupa mkaenda nayo," alisema taratibu. "Mkajua inatuua, mkanyamaza miaka tano. Leo mmeleta mifupa, mnasema watoto wetu wanywe. Na mtawapima tena. Mimi siwatukani. Lakini nikiwakubalia, mimi nitakuwa ni mtu wa aina gani?"

Ikra alimtazama Velma. Kila mtu alijua kwamba hapo ndipo Mama Fomu husimama na kusema. Alisimama.

"Huyu mtoto si kama wale," alianza. "Mimi nimeona hiyo karatasi, imesainiwa. Hii kitu inafanya kazi. Kama hamtaki kwa sababu yangu, mimi nitatoka, msikilizeni yeye—"

"Mama Fomu," Jennifer alisema kutoka kwenye kiti chake. "Keti."

Hakupaza sauti. Velma alibaki amesimama, akitafuta neno lingine, na katika miaka yote ile ya kutafsiri maneno ya watu wengine hakuwahi kukosa neno namna hiyo. Watu walianza kutoka. Hata darasa lilipobaki na watu watano hakuna aliyekubali kuandikwa jina. Nyumba thelathini hazikupatikana, wala tatu. Saa nane mchana vichujio vilirudishwa garini. Wahadhiri walisema vitapelekwa kijiji kingine upande wa Rapsu, ambako watu walikuwa tayari wameomba.

Ikra alikuja mpaka nyumbani kwa Velma akiwa amebeba seti moja. "Hii siruhusiwi kuacha," alisema. "Nitasema imevunjika." Macho yake yalikuwa mekundu. Alimfundisha kuipanga, akamwambia zile chembe zikichoka, baada ya miezi kadhaa, zitabadilishwa, na kwamba zikikosekana mtu anaweza kuchoma mifupa mwenyewe ndani ya pipa lililofunikwa, akaisaga, akaiosha. Akolong ndiye aliyesikiliza kwa makini zaidi, akauliza maswali mawili mazuri, na Ikra akamjibu kama anavyomjibu mwanafunzi mwenzake.

Tangu hapo Elijah hakunywa maji mengine. Kijijini ilisemekana kwamba ile ndoo ndiyo malipo ya Velma, kwamba chuo kimemlipa kwa kazi aliyokifanyia siku zote. Kwenye foleni ya kisima nafasi iliachwa mbele yake na nyuma yake. Lodio aliporudi kutoka malishoni aliambiwa habari hiyo kabla hajafika nyumbani, akakaa siku mbili bila kuzungumza na mkewe. Siku ya tatu alikunywa maji ya ndoo, akasema hayana ladha, akaenda zake.

Chembe zilichoka mwezi wa tano mwaka 2025. Ikra alikuwa amemaliza masomo na kuajiriwa Garissa. Alipokea simu, akasema atatuma nyingine, lakini idara ilikuwa imeufunga mradi. Kwa hiyo Velma na Akolong walikusanya mifupa ya mbuzi, wakatafuta pipa la zamani la lami, wakalisugua kwa mchanga, wakaanza kuchoma nyuma ya nyumba. Akolong, miaka kumi na saba, alichochea moto akiwa ameketi kwenye jiwe, fimbo yake kando. Moshi ulikuwa mzito, unanuka vibaya, ukaelea juu ya maboma ya jirani.

Jennifer alikuja mchana, pua ameziba kwa leso. Ilikuwa miezi tisa hajakanyaga pale.

"Watu wanalalamika harufu," alisema. "Lokuruka anasema mkichoma tena mtahama upande ule wa chini."

"Tutachoma upande ule wa chini."

Jennifer alilitazama pipa. Alimtazama Akolong, miguu yake iliyopishana chini ya sketi, mikono yake myeusi kwa masizi.

"Mtu akikunywa hiyo," aliuliza, "mguu unarudi?"

"Haurudi," Velma alisema. "Inasaidia wale wadogo tu. Wale bado hawajapinda."

"Mimi sina mdogo."

"Najua."

Jennifer alitikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. "Basi sawa," alisema, akajifunga leso vizuri na kurudi kwake kwa kupitia uchochoro wa boma. Akolong aliinua mfuniko kwa ncha ya fimbo, akachungulia ndani, akamwambia mama yake kwamba mifupa ya chini bado haijawa myeusi, inahitaji saa moja zaidi.